Kompyuta Ikikwama: Lini Tuwaarifu Watengenezaji?

Bila shaka hali hii si ngeni kwako. Unaandika kazi ya shule, mara kompyuta inaganda, skrini inageuka buluu (au nyeusi, katika Windows 11 tangu mwaka 2025), kisha inajiwasha upya. Je, kila tukio kama hili lifikishwe kwa watengenezaji?

Kwanza tufahamu kilichotokea. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima, umekuta kosa katika kiini chake, ukajisimamisha kwa makusudi ili usiharibu kazi zilizohifadhiwa. Kosa hilo huweza kutokana na kifaa kibovu, na draiva, ambayo ni programu inayoendesha kifaa kama printa, au na mfumo wenyewe. Mtengenezaji wa programu anaweza kurekebisha programu, lakini hawezi kukusafishia feni iliyojaa vumbi.

Ikikwama mara moja tu, usijisumbue kuandika barua. Iache kompyuta itume taarifa yake yenyewe, jambo ambalo Windows imeliweza tangu Windows XP ya mwaka 2001. Taarifa hizo hupangwa kwa makundi na kuhesabiwa. Mwaka 2002 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, alieleza kuwa asilimia 1 tu ya kasoro ilisababisha nusu ya makosa yote. Kwa hiyo taarifa yako moja, ikijumlishwa na za wenzako, husaidia kujua kasoro ipi ishughulikiwe mwanzo.

Ikikwama tena na tena, fanya haya kabla ya kulalamika:

1. Andika namba ya kosa. Kwa mfano, 0x124 kwa kawaida huashiria kifaa chenye hitilafu.
2. Chunguza joto, vumbi na umeme, na upime memori kwa programu ya kupimia iliyomo ndani ya Windows.
3. Sasisha mfumo na draiva. Kama tatizo lilianza baada ya kuweka kitu kipya, kiondoe kwanza.

Ikiwa bado inakwama, nawe unaweza kueleza hatua zinazoikwamisha kila mara, basi taarifa yako ina thamani kubwa. Taja toleo la mfumo, namba ya kosa na hatua hizo kwa mpangilio.

Hakikisha pia unamwandikia anayehusika. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilikwama, na chanzo kilikuwa sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike, si Windows yenyewe. Kompyuta nyingi zikikwama pamoja baada ya sasisho, tazama sasisho hilo kwanza.

Lipo kosa moja lisilosubiri kujirudia, nalo ni lile linaloonyesha kuwa mtu wa nje anaweza kuiharibu kompyuta. Hilo mwarifu mtengenezaji mara moja, tena kwa siri.

Mwisho, tahadhari. Faili linalohifadhiwa kompyuta inapokwama huweza kubeba yaliyokuwa kwenye memori, hata barua na maneno ya siri. Kompyuta ikiwa ya familia au ya madrasa, omba idhini kwanza, wala usilitoe faili hilo hadharani. Siri za watu ni amana.