Mbwa Akimwuma Mtu: Haki ya Fidia na Njia ya Kuidai

Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa upande wa kaskazini, ni mahali penye sifa katika historia ya pwani. Mwaka wa 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha hapo makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Wakapaita kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuja Unguja mwaka wa 1873 kumtaka Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Kengele ya makazi hayo ilipigwa kuwaonya watu hatari inapokaribia, na hata leo mahali pale huitwa Kengeleni.

Siku hizi hakuna anayengoja kengele. Ulinzi umekuwa kazi ya ukuta, ya bawabu, na ya mbwa. Toka Kongowea hata Nyali na Kisauni, milango mingi ina kibao kilichoandikwa "Mbwa Mkali". Wapitao mbele ya milango hiyo ni watoto waendao shule, wachuuzi, vijana wa bodaboda wapelekao vifurushi, na watumishi waendao kazini alfajiri. Mbwa akitoka na kumwuma mmoja wao, maneno yasikiwayo mara nyingi ni haya mawili. Mwenye mbwa husema: "Kibao kipo, lawama si yangu." Naye aliyeumwa husema: "Maskini hana shauri mbele ya tajiri." Maneno yote mawili si sawa kwa sheria, na yafaa kila msomaji ajue kwa nini.

KWANZA NI UHAI

Kabla ya kufikiri habari za fidia, mtu aliyeumwa yampasa aokoe maisha yake. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Kisipakwe mafuta ya taa, wala pilipili, wala dawa ya kienyeji. Kisha mtu aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni mkwaruzo mdogo tu.

Sababu yake ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na karibu wote huupata kwa mbwa. Dalili zikisha kuonekana, mgonjwa haponi ila kwa nadra sana. Lakini sindano zikianzwa mapema na kumalizwa zote kama daktari alivyoagiza, ugonjwa huzuiwa. Jambo hili limejulikana tangu mwaka wa 1885, Louis Pasteur alipomtibu Joseph Meister, mtoto aliyeumwa na mbwa.

Mbwa mwenyewe asiuawe kwa hasira. Ikiwezekana kumfunga bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10, na afisa wa mifugo aarifiwe. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hiyo ni ishara njema. Tena mbwa aliye hai na ajulikanaye mwenyewe ni sehemu ya ushahidi.

SHERIA YASEMAJE

Watu wengi hutafuta sheria moja ya Bunge isemayo, "Mbwa akiuma, mwenyewe atalipa kiasi hiki." Katika Kenya sheria ya namna hiyo haipo. Mtu akijeruhiwa na mnyama wa porini, kama simba au ndovu, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 yaeleza fidia ambayo Serikali hulipa. Lakini mbwa si mnyama wa porini. Mbwa ana mwenyewe, na ni huyo mwenyewe anayedaiwa.

Hukumu ya mashauri haya hutokana na sheria ya kale ya Uingereza, iliyojengwa kwa maamuzi ya mahakimu. Kenya huifuata kwa namna ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri inavyofaa hali ya nchi. Waingereza wenyewe waliibadili sheria yao ya wanyama mwaka wa 1971, lakini mabadiliko yale hayatumiki Kenya.

Sheria hiyo yagawa wanyama katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale walio wakali kwa maumbile yao. Afugaye mnyama wa namna hiyo hawezi kusema hakujua kwamba ni wa hatari. Fungu la pili ni wale wazoeleao watu, na mbwa ni mmoja wao. Kwa hao, aliyeumwa yampasa aonyeshe kwamba mwenye mbwa alijua kuwa mbwa wake yule ana tabia ya kuwashambulia watu.

Ujuzi huo ukithibitika, mwenye mbwa hana pa kukimbilia. Mwaka wa 1846 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la mwanamke aliyeumwa na tumbili wa kufugwa. Ikasemwa kwamba mtu afugaye mnyama huku akijua kuwa huuma watu, atajibu kwa madhara hata kama haikuonyeshwa kwamba alizembea kumlinda. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Nilimfunga vizuri, kamba ikakatika."

Wengine husema kwamba sheria humpa kila mbwa ruhusa ya kuuma mara moja bila malipo. Hivyo sivyo. Si lazima mbwa awe amekwisha kuuma mtu. Ikiwa amezoea kuwarukia wapita njia kwa nia ya kuuma, na mwenyewe ajua, hayo yatosha.

KIBAO NI SHAHIDI WA NANI?

Sasa na tukitazame tena kile kibao cha "Mbwa Mkali". Mwenye nyumba alikitundika akidhani ni ngao yake. Lakini mtu aandikaye kwa mkono wake kwamba mbwa wake ni mkali, atawezaje kusimama mahakamani na kusema hakujua? Kibao kile chaweza kuwa shahidi wa yule aliyeumwa.

Hata hivyo, kibao peke yake si hukumu. Mwenye mbwa aweza kueleza kwamba alikiweka kuwatisha wezi tu, na hakimu atapima maneno yote pamoja. Kwa hiyo ushahidi mwingine utafutwe: jirani aliyewahi kufukuzwa na mbwa yule, mtu aliyeumwa zamani, au malalamiko yaliyofikishwa kwa mwenye nyumba. Tena tangu mwaka wa 1872 imeamuliwa kwamba mtumishi aliyewekwa kumtunza mbwa akijua ukali wake, ni kama bwana wake amejua.

NJIA YA PILI: UZEMBE

Ikiwa ujuzi hauwezi kuthibitishwa, bado iko njia ya pili. Kila mtu yampasa kuangalia mali yake isiwadhuru wengine. Aachaye mlango wazi saa ambazo watoto hupita, huku mbwa amefunguliwa, aweza kudaiwa kwa uzembe hata kama mbwa huyo hakuuma mtu tangu azaliwe.

Na mgeni aliyeingia uani kwa ruhusa ana ulinzi zaidi. Iko Sheria ya Wajibu wa Mwenye Makao, Sura ya 34, imtakayo mwenye nyumba aangalie usalama wa wageni wake. Sheria hiyo yasema kwamba onyo halimwondolei wajibu ila liwe lenye kutosha kumwezesha mgeni kuwa salama. Tuchukue mfano wa kijana aletaye kifurushi. Amebisha hodi, ameambiwa "Karibu, ingia," na njia ya kufika mlangoni ni moja tu, nayo yapita penye mbwa. Kibao kitamfaa nini kijana huyo? Sheria hiyo yasema pia kwamba watoto hawawi waangalifu kama watu wazima, na mwenye nyumba yampasa alitazamie jambo hilo.

Lakini haki ina mipaka. Aliyeruka ukuta usiku, au aliyemchokoza mbwa kwa mawe, asitarajie kupokewa kama mgeni aliyekaribishwa. Na pale ambapo makosa yako pande zote mbili, mahakama hupunguza fidia kwa kadiri ya kosa la mdai.

MTUMISHI, NA MBWA ASIYE NA MWENYEWE

Mfanyakazi aliyeumwa akiwa kazini, kama vile bawabu au mtunza bustani, ana njia nyingine. Sheria ya Fidia kwa Ajali Kazini ya mwaka wa 2007 haimtaki athibitishe uzembe wa mwajiri. Ampashe mwajiri habari mara moja. Mwajiri naye yampasa ampelekee Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini taarifa katika siku 7, na dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita.

Shida kubwa ni mbwa koko, asiye na mwenyewe. Katiba ya mwaka wa 2010 imeweka kazi ya kudhibiti wanyama na kutoa leseni za mbwa mikononi mwa Serikali za Kaunti. Kwa hiyo wananchi wana haki ya kupeleka malalamiko huko, tena kwa maandishi. Lakini kupata fidia kwa njia hiyo ni kugumu, kwa kuwa ni lazima ionyeshwe uzembe ulikuwa wapi. Tena muda wa kuishitaki Serikali kwa madhara ni miezi 12 tu.

FIDIA HUHESABIWAJE?

Fidia ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya fedha zilizotumika: dawa, sindano, nauli za kwenda hospitali, na mshahara uliopotea. Hizi ni lazima zitajwe moja moja na kuthibitishwa kwa stakabadhi. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari," na neno hilo ni kweli kabisa mbele ya hakimu. Ya pili ni fidia ya maumivu, hofu, makovu na ulemavu. Hii hukadiriwa na mahakama kwa kutazama ripoti ya daktari na mashauri yaliyofanana nalo. Aliyeumwa akifa, warithi na wale aliokuwa akiwalisha wana haki ya kudai.

MAMBO YA KUFANYA

1. Osha kidonda, nenda hospitali, na utunze kila karatasi upewayo.

2. Piga ripoti kituo cha polisi. Hakikisha habari imeandikwa kitabuni, na uchukue namba yake.

3. Omba fomu ya P3, ijazwe na daktari. Ni karatasi muhimu sana ya kuthibitisha majeraha.

4. Andika majina ya walioona. Piga picha ya majeraha, ya mlango, na ya kibao.

5. Mwandikie mwenye mbwa barua ya kumdai, nawe ubaki na nakala.

6. Asipolipa, fungua shauri. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa Sheria ya mwaka wa 2016. Humo mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, tena kwa Kiswahili, na sheria yataka shauri limalizwe katika siku 60. Dai lililo kubwa zaidi huenda kwa Hakimu. Asiye na uwezo aweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Muda wa kumshitaki mtu binafsi ni miaka 3 tangu siku ya kuumwa. Ikiwa aliyeumwa ni mtoto, mzazi afungue shauri kwa niaba yake, wala asingoje mpaka mtoto akue.

Polisi nao waweza kumpeleka mwenye mbwa mahakamani kwa kosa la jinai. Kifungu cha 243 cha Sheria ya Adhabu chasema kwamba ni kosa kuacha kwa uzembe kujihadhari na hatari itokayo kwa mnyama uliye naye. Lakini kesi hiyo ni ya kumwadhibu mkosaji. Dai la fidia hufunguliwa peke yake.

MAPATANO

Si lazima kila jambo lifike mahakamani. Jirani ni jirani, na Katiba yenyewe yahimiza mapatano. Mwenye mbwa akija kwa uungwana, mbele ya wazee au ya chifu, na kulipa matibabu, hilo ni jema. Ila jihadhari na jambo moja: usitie sahihi karatasi isemayo "nimelipwa yote, sina dai tena" kabla sindano hazijaisha na daktari hajasema kama mkono au mguu utarudi katika hali yake. Watu wamepokea noti chache siku ya kwanza, kisha wakajuta mwezi wa pili.

NENO KWA WENYE MBWA

Mbwa ni mlinzi mwema akitunzwa. Achanjwe kila mwaka, na cheti kihifadhiwe. Afungwe mchana, mlango ufungwe vizuri, na mgeni asiambiwe aingie kabla mbwa hajashikwa. Mbwa akiuma, mwenyewe asimfiche, bali amtoe aangaliwe. Gharama ya chanjo na mnyororo ni ndogo kuliko fidia, wala hailingani kabisa na uhai wa mtoto wa jirani.

Kengele ya Frere Town ilipigwa ili mtu ajue hatari kabla haijamfikia. Kibao cha mlangoni nacho kimetoa onyo, lakini aliyekitundika akumbuke kwamba onyo lile lamhusu yeye kwanza.