Dereva wa Mtandaoni Akivunjika Mguu

Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ya kampuni za usafiri wa mtandaoni. Aprili mwaka huo Uber ikasimamisha huduma zake Tanzania, ikarejea mwanzoni mwa 2023 kikomo kilipopandishwa hadi asilimia 25. Mvutano ulikuwa hasa wa mgawo wa nauli. Suala zito zaidi, la nani anabeba hasara, lilibaki pale pale. Dereva wa bodaboda ya mtandaoni hununua mafuta na bando kwa fedha yake, na kama pikipiki si yake, jioni humpelekea tajiri hesabu, mvua inyeshe isinyeshe. Akianguka akavunjika mguu, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumtambui, maana kwenye makaratasi yeye ni mshirika wa kampuni, si mwajiriwa. Mshirika gani huyo asiyepanga nauli, na ambaye akaunti yake inaweza kufungwa wakati wowote?

Sheria haikosekani. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hata mkataba ukisema vingine, ikiwa kuna walau dalili moja kati ya kadhaa: kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kumtegemea anayemfanyia kazi kiuchumi, au kumfanyia kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kampuni zitajibu kwamba dereva huwasha na kuzima programu apendavyo. Hoja hiyo ina uzito, na dhana ya kifungu hicho inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Hata hivyo, Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliisikia hoja hiyo hiyo, na bado ikaamua kuwa madereva wa Uber wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo.

Wengine wanahofia kwamba tukibana, kampuni zitaondoka na vijana watarudi kijiweni. Lakini 2022 kilichoikimbiza Uber ni kamisheni, si fidia ya ajali. Tena kazi hii ndiyo nyepesi kuliko zote zisizo rasmi kuiwekea bima: hakuna anayehesabu sahani za mama lishe, ilhali programu inaandika kila safari na kila shilingi. LATRA na Mfuko waanze na ajali: mchango mdogo ukatwe kwenye kamisheni ya kila safari. Mabishano ya nani ni mwajiriwa yaendelee mahakamani, dereva akiwa tayari ana fidia.