Silaha za The African Queen: Kweli au Uongo?

Bila shaka umeitazama The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951, au umesimuliwa: Humphrey Bogart na Katharine Hepburn ndani ya kiboti kibovu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, Septemba 1914. Hadithi zake tumezisikia sana. Tuzipime.

"Mjerumani alikuwa na bunduki za kisasa." Si kweli. Vita vilipoanza, askari wake wengi walibeba Mauser ya 1871, ya milimita 11, yenye baruti ya moshi. Ukifyatua tu, wingu jeupe linamwonyesha adui ulipojificha. Nafuu ilipatikana Tanga, Novemba 1914: Waingereza walirudi melini mbio, wakaacha mamia ya bunduki na rashasha 16. Kwa hiyo, filamuni, pale ngome ya Mjerumani inapomimina risasi kwenye kiboti, tafuta moshi. Ngome halisi ya Septemba ile ingefukiza kweli kweli.

"Mabomu ya Bogart yangelipuka." Yawezekana. Anajaza baruti kali kwenye mitungi ya oksijeni, kisha mbele anapanga risasi zikitazamana na misumari. Mtungi ukigonga meli, msumari unapiga fataki, sawa na pini ya bunduki yoyote. Shida ni kwamba msumari hautofautishi manowari na gogo. Mimi nisingepanda.

"Kiboti kiliizamisha manowari ya Mjerumani." Si kweli kwa manowari kubwa. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen, inayotajwa kuwa kielelezo cha Louisa, manowari ya filamu, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe karibu na Kigoma, Julai 1916. Lakini viboti vilifanya kazi: viwili vya Waingereza, Mimi na Toutou, vilivyoburutwa kupitia Kongo, viliiteka meli ya Kijerumani Kingani Desemba 1915, na kiboti Mimi kikashiriki kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari iliyofuata.

"MV Liemba ilikuwa meli ya vita, yenye mzinga wa Königsberg." Kweli, wazee wa Kigoma hawakututania. Liemba ndiyo Götzen yenyewe, na ilifungwa mzinga wa milimita 105 kutoka manowari Königsberg, iliyoishia deltani Rufiji Julai 1915. Ila kufikia katikati ya 1916 mzinga ule ulikuwa umehamishiwa vita vya nchi kavu, na mahali pake pakasimamishwa wa mti. Kamanda Mwingereza, Spicer-Simson, hakuwahi kuishambulia. Mafundi wa Kijerumani walizipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Ikaopolewa 1924, na 1927 ikaanza kubeba abiria.