Ndege ya jeshi ni ya nani? Nembo za vikosi vya anga zikitazamwa kutoka Kajaga

Kajaga iko kwenye njia ya Gatumba, Ziwa Tanganyika upande mmoja na uwanja wa ndege wa Bujumbura upande wa pili, kwa hiyo wakazi wake huziona ndege zikishuka kwa ukaribu ambao wengi wetu huku ughaibuni tumeusahau. Ndege ya abiria hujitambulisha yenyewe. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaidai ibebe alama ya nchi yake na namba ya usajili, na zile za Burundi huanza na 9U. Ndege ya jeshi haibanwi na mkataba huo. Kanuni za vita vya anga zilizoandikwa The Hague mwaka 1923 zilitaka kila ndege ya kijeshi ionyeshe wazi kwamba ni ya kijeshi na ni ya taifa gani, lakini hazikupata kuidhinishwa na mataifa. Ninachotetea hapa ni hiki: michoro tunayoiona ubavuni na mkiani mwa ndege za kivita ina deni kwanza kwa mtu aliye chini. Fahari ya rubani ije baadaye.

Ndivyo ilivyoanza. Mwaka 1914 askari wa Uingereza waliokuwa ardhini walizifyatulia risasi ndege zao wenyewe, kwa sababu ukiitazama kutoka mbali, bendera yao iliyochorwa kwenye bawa ilifanana na msalaba wa Wajerumani. Wakaiga duara la rangi tatu la Wafaransa, wakibadilisha tu mpangilio wa rangi. Alama ya taifa ilizaliwa ili kuokoa maisha. Nembo za vikosi zilifuata kwa sababu nyingine: korongo wa kikosi cha rubani Guynemer huko Ufaransa, kisha rangi za mirabaraba ambazo vikosi vya Uingereza vilijipambia katika miaka ya 1920 na 1930. Hizo zilikuwa za kujivunia, na hatari ya vita ilipokaribia wakati wa mgogoro wa Munich mwaka 1938, zilifunikwa kwa rangi ya mabaka na mahali pake pakawekwa herufi za siri. Tangu miaka ya 1970 majeshi mengi yameichukua njia hiyo moja kwa moja, kijivu juu ya kijivu, ingawa vikosi vya jeshi la wanamaji la Marekani bado huiacha ndege moja ya kamanda ing'are.

Katika eneo letu, nembo imeeleza siasa kuliko ilivyoeleza vita. Mwaka 1964 na 1965, serikali ya Kongo ilipopambana na waasi wa Simba hadi ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Albertville ambayo leo ni Kalemie, ndege zake za mashambulizi zilichorwa kichwa cha fahali na neno Makasi, yaani nguvu kwa Kilingala. Ndege zilitoka Marekani, marubani wengi walikuwa Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, na malipo yao yalitoka CIA. Mwanakijiji aliyelitazama fahali lile lenye jina la Kiafrika hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyekuwa akimpiga. Nembo ya kikosi ilikuwepo, ya kuvutia kabisa, na ilisaidia kumficha mwenye mkono. Huo ndio ushahidi unaonifanya nisiamini kwamba michoro mingi huleta uwazi.

Serikali za jirani nazo zilikuwa na hofu yao, ya majeshi yao wenyewe, na ziliijibu kwa kubadili majina. Baada ya maasi ya Januari 1964, Tanganyika ilivunja jeshi lililorithi kikosi cha King's African Rifles cha wakoloni, na tarehe 1 Septemba mwaka huo Jeshi la Wananchi, JWTZ, likaanzishwa. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, jeshi la anga lilivunjwa, likaundwa upya chini ya jeshi la nchi kavu kwa jina la '82 Air Force, na halikurudishiwa jina lake hadi mwaka 1994. Kambi ya Eastleigh iliitwa Moi, ya Nanyuki ikaitwa Laikipia. Kwa miaka kumi na miwili wanajeshi wasiokuwa na hatia walibeba mwaka wa aibu katika jina la jeshi lao. Naona hilo lilikuwa kosa: adhabu ya jina huwapata wote, wakati hatia ni ya mtu mmoja mmoja na mahakama ndiyo inayopaswa kuipima.

Sisi Warundi tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Ngoma iliondolewa kwenye bendera ufalme ulipoangushwa mwaka 1966. Tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Ndadaye, ambaye uwanja wa ndege wa Bujumbura sasa una jina lake, namba ya kikosi kama 11e Blindé, kikosi cha magari ya kivita kilichohusishwa na mauaji hayo, haikuweza tena kutamkwa kama namba tupu. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulidai kwamba hakuna kabila litakalozidi asilimia 50 ya jeshi, na jina la zamani, FAB, likaachwa, likaja FDN, ambamo waliokuwa wakipigana walivaa sare moja. Wapo watakaosema kwamba askari bila nembo ya kikosi chake hana moyo. Nakubali kwamba undugu wa kikosi huokoa maisha. Lakini katika jeshi lililounganishwa hivyo, nembo mpya ina thamani ikiwa ni ya wale waliomo sasa. Ile inayoamsha kumbukumbu ya upande mmoja ikae makumbusho. Ufini ilifanya hivyo kwa utulivu: kamandi yake ya anga iliondoa swastika kwenye nembo yake mwaka 2017, ingawa alama hiyo ilitumiwa huko tangu 1918, kabla Wanazi hawajaichukua.

Pingamizi zito zaidi ni la kiufundi, kwamba rangi zinazong'aa humpa adui shabaha. Ni kweli, na rubani anayekwenda vitani ana haki ya kufichwa. Ila helikopta inayopita juu ya Kajaga haiko vitani. Watu wanaoanua dagaa pale ufukweni si adui. Huko nyumbani, bendera na namba kubwa inayosomeka kutoka chini hazimpunguzii rubani usalama wowote, na zinampa raia kitu cha kutaja siku atakapokwenda kwa chifu wa mtaa kuuliza ni nani aliyepita juu ya paa lake, saa ngapi, na kwa amri ya nani.