Hashishi, Bangi na Tiba: Ufafanuzi kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo zimekaa njia panda. Barabara itokayo mpakani Rusumo hupita Benako na kufika Nyakanazi, na pamoja na mizigo husafiri habari. Mojawapo ya habari hizo ni kwamba "nchi jirani zimehalalisha bangi kwa kuwa ni dawa". Habari hiyo ina ukweli nusu. Mwezi Juni 2021, Rwanda ilitoa amri inayoruhusu kampuni zenye leseni kulima bangi kwa ajili ya tiba na utafiti, huku matumizi ya starehe yakibaki kuwa kosa. Lesotho ilianza kutoa leseni za namna hiyo mwaka 2017, na Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020.

Mbali zaidi, katika nchi zilizoruhusu watu wazima kutumia bangi, kama vile Kanada tangu mwaka 2018 na baadhi ya majimbo ya Marekani, yapo mashamba yanayojitambulisha kuwa ya kilimo endelevu. Baadhi yake huwaalika wageni kwenye warsha za vitendo, ambako huoneshwa jinsi utomvu wa bangi unavyotenganishwa na maua na kufanywa hashishi. Picha za warsha hizo hufika katika simu za vijana wetu, na maswali hufika katika vyumba vyetu vya matibabu. Makala haya yanakusudia kuyajibu kwa mizani ya kitabibu.

Hashishi ni nini?

Maua ya mmea jike wa bangi yamefunikwa na vinyweleo vidogo mno vyenye tezi. Tezi hizo hutoa utomvu unaonata kama ulimbo, na ndani yake ndimo kemikali za bangi zilimo kwa wingi. Utomvu huo ukikusanywa na kushindiliwa huitwa hashishi. Nchini India hujulikana kama charasi. Tofauti ya hashishi na majani makavu, basi, ni ya kiasi: mmea ni ule ule, lakini kipande kidogo hubeba nguvu ya misokoto kadhaa.

Kemikali mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni tetrahaidrokanabinoli, kwa ufupisho THC, iliyotengwa na kutambuliwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni. Hiyo ndiyo inayolevya. Hushika vipokezi vya ubongo vinavyohusika na kumbukumbu, hisia, hamu ya chakula na utambuzi wa wakati. Ya pili ni kanabidioli, yaani CBD, ambayo hailevyi. Majani na maua yaliyozoeleka miongo michache iliyopita yalikuwa na asilimia chache tu za THC. Hashishi na mafuta ya kisasa yanaweza kuwa na mara nyingi ya kiasi hicho.

Je, bangi ya shamba safi ni salama?

Hoja inayosikika ni kwamba bangi iliyolimwa bila viuatilifu na kusindikwa kwa mikono haina madhara. Ni kweli kwamba kilimo safi hupunguza hatari moja: viuatilifu vikiwemo kwenye maua, huweza kujilimbikiza katika utomvu. Hata hivyo, THC hubaki kuwa THC. Mbolea ya samadi haibadilishi namna inavyoushika ubongo wa kijana wa miaka kumi na sita. Usafi wa shamba ni sifa ya udongo na mazao. Usalama wa dawa hupimwa kwa kipimo chake, matokeo yake na madhara yake kwa binadamu.

Ziko pia njia za kutengeneza hashishi kwa kutumia gesi au vimiminika vinavyoshika moto. Njia hizo zimesababisha milipuko na majeraha mabaya ya moto katika nchi mbalimbali. Anayejaribu nyumbani huhatarisha familia nzima.

Dawa iliyopimwa na donge la nyumbani

Swali lenye uzito kuliko yote hutoka kwa wazazi wa watoto wenye kifafa. Wamesikia kwamba bangi huponya degedege, nao wamechoka kumwona mtoto akianguka. Wanastahili jibu kamili.

Ni kweli kwamba mwezi Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya maji yenye kanabidioli iliyosafishwa, kwa ajili ya aina mbili za kifafa kikali cha utotoni zisizo za kawaida. Dawa hiyo hupimwa kwa uzito wa mtoto, na ini lake huchunguzwa mara kwa mara. Hashishi ni kitu kingine kabisa. Kwa kawaida imejaa THC, na hakuna ajuaye mtoto amemeza kiasi gani. Mtoto aliyelambishwa utomvu anaweza kulegea, kupoteza fahamu na kushindwa kupumua vema. Akiachishwa fenobabitoni au kabamazepini ghafla ili "ajaribu bangi", anaweza kupata degedege lisilokoma, ambalo huua.

Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa saratani. Dawa zenye THC hutumika katika baadhi ya nchi kupunguza kichefuchefu kitokanacho na tiba ya saratani, lakini hazijathibitishwa kuiponya saratani yenyewe. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayekaa miezi sita akisubiri utomvu umponye hupoteza miezi ambayo upasuaji au mionzi ingemsaidia. Akiwa na maumivu makali, aulizie mofini ya maji katika huduma za tiba shufaa.

Madhara ya kutambua mapema

La kwanza ni saikosisi: kusikia sauti zisizokuwepo, kushuku watu bila sababu, maneno yasiyounganika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha maeneo ya Ulaya na Brazili, ulionesha kuwa watumiaji wa kila siku wa bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa kupata saikosisi unaokaribia mara tano ya wasiotumia kabisa. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayeanza akiwa mdogo au mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua.

La pili ni kutapika kusikokoma kwa mtumiaji wa muda mrefu, hali iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 2004 huko Australia. Mgonjwa huja tena na tena akitapika na kulalamika tumbo, hutibiwa malaria au vidonda vya tumbo, na hapati nafuu. Dalili inayofichua ni kwamba hupata ahueni anapooga maji ya moto. Apewe maji ya kutosha, figo ziangaliwe, na aelezwe kwamba tiba ya kudumu ni kuacha.

La tatu ni sumu kwa njia ya chakula. Bangi inayovutwa hufanya kazi ndani ya dakika chache. Inayoliwa huchukua nusu saa hadi saa mbili, hivyo mlaji hudhani haijamfikia, akaongeza.

Mambo ya kuzingatia kituoni

Mhudumu aulize kwa faragha na bila kukaripia: unatumia nini, kwa njia gani, mara ngapi, na tangu lini? Mgonjwa anayeogopa kushitakiwa hatasema kweli, na asiposema kweli atatibiwa ugonjwa asio nao. Ikumbukwe pia kwamba efavirenzi, moja ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, inaweza kufanya baadhi ya vipimo vya mkojo vioneshe bangi ilhali mtu hakuitumia. Jibu la kipimo pekee lisitumike kumhukumu.

Anayeacha anaweza kukosa usingizi, kukasirika upesi na kukosa hamu ya kula kwa wiki mbili au tatu. Hali hiyo hupita. Ushauri nasaha na ndugu wenye subira humsaidia kuivuka. Mwenye saikosisi, mawazo ya kujiua au kutapika kulikomkausha maji apelekwe hospitali ya wilaya bila kukawia.

Mwisho, wasomaji wa mipakani wakumbuke kuwa leseni ya upande wa pili haivuki Rusumo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki na kutengeneza bangi na hashishi nchini Tanzania, kwa adhabu nzito. Lakini kwa mgonjwa ambaye tayari anatumia, mlango wa kituo cha afya uko wazi. Aje aseme, na mzazi mwenye chupa ya utomvu nyumbani aje nayo mtoto hajapewa.