Chanjo Wakati wa Janga: Kwa Nini Mmoja Hukubali na Mwingine Hukataa?

Huenda wewe ulichanjwa chanjo ya UVIKO-19 na jirani yako hakuchanjwa. Mnachota maji kwenye chemchemi moja, mnasali kigango kimoja, na siku ya msiba mnakaa mkeka mmoja. Redio mlisikiliza ileile. Ilikuwaje basi mmoja akatoa bega na mwingine akakataa?

Wengi hujibu haraka: "Ni ujinga tu." Jibu hilo si la kweli. Tuliona waliosoma wakikataa, na bibi asiyejua kusoma akitangulia mstari wa mbele. Tena jibu hilo linaharibu, kwa maana mtu aliyeitwa mjinga hafungui tena moyo wake. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unatafuta jibu lililo bora zaidi, kwa sababu mkoa wetu wa Kagera unalihitaji kuliko mikoa mingi.

YALIYOTUPATA

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Baadaye mwaka huohuo, hesabu ilipofikia wagonjwa 509 na vifo 21, takwimu hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi Juni tuliambiwa ugonjwa umekwisha. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, wilaya iliyokuwa sehemu ya mkoa wetu hadi 2012, hayati Rais John Magufuli alionya kwamba chanjo hizo hazifai. Siku zilezile Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilikuwa likiwatahadharisha waamini juu ya wimbi jipya la ugonjwa. Mwezi Machi baraza hilo likaeleza kwamba mapadre zaidi ya 20 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili, wengi wakiwa na shida ya kupumua.

Baada ya Rais Magufuli kufariki mwezi huohuo wa Machi, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu. Tarehe 24 Julai 2021 dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson zilifika Dar es Salaam. Siku nne baadaye Rais alichanjwa hadharani. Alieleza kwamba yeye ni mama, ni bibi wa wajukuu na ni mke, hivyo asingejitia katika hatari akijua ni hatari.

Sasa jiweke mahali pa mkulima wa kahawa wa Kamachumu. Mwezi Januari anaambiwa chanjo ni mbaya. Mwezi Julai anaambiwa ni nzuri. Akisita, je, ni mjinga? Hapana. Ni mtu aliyesikia sauti mbili, na zote mbili ni za wakubwa.

MAMBO YANAYOUSUKUMA MOYO

La kwanza ni ukaribu wa ugonjwa. Mtu hukubali kinga akiona hatari iko mlangoni. Mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, watu tisa waliugua na sita wakafariki. Ndoo za kunawia zilirudi milangoni, na kupeana mikono kukapungua bila kusukumwa. Lakini UVIKO-19 uliua kimyakimya, mara nyingi wazee na wenye kisukari au shinikizo la damu, na jirani akasema, "Alikuwa mgonjwa siku nyingi." Pale ambapo hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina lake, hakuna aliyeona haja ya chanjo yake.

La pili ni hofu ya sindano yenyewe. Hofu hii tutairudia hapa chini.

La tatu ni anayesema. Neno moja likitoka kinywani mwa mgeni aliyeshuka kwenye gari ni tangazo. Likitoka kwa mkunga aliyekuzalisha ni ushauri. Jirani zetu wa Kongo walijifunza hilo kwa machungu. Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, chanjo ilikuwapo, lakini watu wa Beni na Butembo walikuwa wamechoshwa na vita na waliwashuku wageni. Wahudumu walishambuliwa, wengine wakauawa. Hadi janga hilo lilipokwisha Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamefariki. Hata hivyo watu zaidi ya 300,000 walikubali kuchanjwa. Kazi ilikwenda vizuri zaidi pale vijana na wauguzi wa mahali hapohapo, wanaozungumza lugha ya mahali hapo, walipotangulia mbele.

La nne ni urahisi wa kuipata. Wengine hawakukataa, walikosa nafasi tu. Mvuvi wa Bumbire au Ikuza hufanya kazi usiku na kulala mchana. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kutembea nusu siku hadi zahanati, akaambiwa arudi kesho. Mwanzoni mwa 2022 waliokuwa wamekamilisha chanjo nchini hawakufikia mtu mmoja kati ya kumi. Kisha wahudumu wakatoka vituoni, wakafuata watu nyumbani, minadani, mialoni na kwenye nyumba za ibada. Kufikia katikati ya 2023 nusu ya Watanzania walikuwa wamechanjwa. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba huduma iliwafuata, na jirani aliyechanjwa jana alionekana leo akipalilia migomba yake kama kawaida.

La tano ni nyumba. Mara nyingi mama hukubali moyoni lakini husubiri kauli ya baba, na baba husubiri kuona wenzake watafanya nini. Kwa hiyo anayemwelimisha mama peke yake amefanya nusu ya kazi.

MASWALI YALIYOSTAHILI KUJIBIWA

"Mbona hakuna chanjo ya UKIMWI, kifua kikuu, malaria wala saratani, na hii ya korona imepatikana kwa mwaka mmoja?" Swali hili lina uzito sana kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa hapa Kagera mwaka 1983. Wazee wanakumbuka ulivyoitwa Juliana, kwa jina la kitambaa cha wafanyabiashara wa mpakani, na jinsi wengi walivyodhani ni uchawi. Tumezika mno kiasi kwamba tuna haki ya kuuliza.

Jibu ni hili. Chanjo ya kifua kikuu ipo: ni ile wanayopewa watoto wachanga, na kovu lake huenda liko begani mwako. Huwakinga watoto na aina kali za ugonjwa huo, ingawa kwa watu wazima kinga yake ni ndogo. Ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwaka 2019. Ya saratani ya mlango wa kizazi hutolewa kwa wasichana wetu. Ya UKIMWI bado haijapatikana, kwa sababu kirusi chake hubadilika upesi na kujificha ndani ya chembe zilezile zinazoulinda mwili. Kirusi cha korona ni rahisi zaidi kukikabili, na wataalamu walikuwa wamewachunguza ndugu zake tangu mwaka 2003. Chanjo ya Johnson & Johnson ilijaribiwa kwa watu wapatao 44,000, wakiwamo Waafrika wa Afrika Kusini.

"Inaleta utasa?" Hapana. Uchunguzi haukuonyesha kwamba chanjo za UVIKO-19 huondoa uwezo wa kuzaa. Bali mjamzito akiupata ugonjwa wenyewe huwa katika hatari kubwa kuliko mwanamke asiye na mimba.

"Haina madhara kabisa?" Hapa tuseme ukweli. Maumivu ya bega, homa na uchovu wa siku moja au mbili ni ya kawaida. Chanjo ya Johnson & Johnson ilileta pia tatizo la damu kuganda kwa watu wachache mno, kama wanne katika kila milioni. Anayeficha jambo hili hasaidii chanjo. Siku likijulikana, hata yale ya kweli aliyoyasema hayataaminiwa.

"Je, dhamiri inaruhusu?" Tarehe 21 Desemba 2020 Vatikano ilieleza kwamba yaruhusiwa kutumia chanjo za UVIKO-19, hata zile zilizohusiana na chembe zilizotokana na mimba zilizotolewa zamani, pale ambapo hakuna nyingine isiyo na dosari hiyo. Ilisema pia kwamba kuchanjwa kuwe kwa hiari, na kwamba anayekataa kwa dhamiri ana wajibu wa kujikinga kwa njia nyingine asiwaambukize walio dhaifu. Mwezi Agosti 2021 Papa Fransisko aliita kuchanjwa tendo la upendo.

MPISHI WA MERCA

Mwaka 1977 huko Merca, Somalia, kijana Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali. Alikwepa chanjo ya ndui kwa sababu aliogopa maumivu. Mwezi Oktoba alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili kumwonyesha dereva njia, akaambukizwa. Alipona, na akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida. Miaka mingi baadaye alizunguka vijijini akihimiza chanjo ya polio. Wazazi waliosita aliwasimulia habari zake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo.

Angalia, msomaji: hata mfanyakazi wa hospitali aliogopa. Na aliyeogopa ndiye aliyekuja kuwaelewa wenye hofu.

TUFANYE NINI?

Januari 2025 Marburg ilirudi mkoani kwetu, safari hii Biharamulo. Watu wote kumi waliohesabiwa kuugua walifariki. Miezi michache kabla, jirani zetu wa Rwanda walipopata Marburg, chanjo ya majaribio ilitolewa, hasa kwa wahudumu wa afya. Kwa hiyo siku moja chanjo ya namna hiyo inaweza kuletwa Muleba, na hapo hakutakuwa na muda mrefu wa kubishana. Imani haijengwi siku ya janga. Tuanze sasa:

1. Mtu akikataa, muulize anaogopa nini, kisha nyamaza umsikilize hadi mwisho. Usimcheke.

2. Swali usilolijua jibu lake lipeleke kwa mganga wa zahanati. Usibuni.

3. Jumuiya ndogondogo imwalike muuguzi angalau mara moja kwa mwaka, wakati hakuna ugonjwa, na akina baba wawepo.

4. Uliyechanjwa, simulia yaliyokupata, hata kama uliugua homa usiku mzima.

5. Habari ya kutisha ikikujia kwenye simu, usiisambaze kabla ya kuuliza ilikotoka.

6. Kadi za kliniki za watoto zitunzwe. Anayezoea chanjo ya surua hashtuki sana anapoletewa chanjo nyingine.

Yule jirani yako ambaye hakuchanjwa bado yupo, na swali lake huenda bado yuko nalo. Mtembelee jioni moja, mtafune kahawa pamoja, na umwombe akueleze. Afadhali alitoe leo mkiwa mmeketi barazani kuliko siku ya janga mkiwa mmesimama mlangoni.