Seremala unaweza kujiundia mashine ya CNC, lakini piga hesabu kwanza

MFUGAJI wa nyuki aliyewahi kununua mizinga ya kisasa kwa mafundi wawili tofauti anaifahamu adha hii: fremu za mzinga mmoja haziingii katika mwingine. Zikiingia, hubana au hucheza. Siku ya kurina, fremu hung'olewa kwa nguvu, masega hukatika na asali humwagika.

Chanzo chake ni nafasi ndogo sana. Mwaka 1852 Mmarekani Lorenzo Langstroth alipata hataza ya mzinga wenye fremu zinazotolewa. Alikuwa amegundua kwamba nyuki huacha wazi upenyo wa takriban milimita 6 hadi 9 ili wapite. Upenyo ukipungua huuziba kwa gundi yao, na ukizidi hujenga sega humo. Seremala anayekosea milimita tatu kwenye meza au kabati hulaumiwa kidogo tu. Akizikosea kwenye mzinga, amemuuzia mfugaji hasara.

Hapo ndipo mashine ya CNC inapofaa. Hii ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Ruta ile ile ambayo fundi huishika mkononi hufungwa kwenye daraja linalotembea mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, kwa kufuata mchoro. Ikiwa imerekebishwa vizuri, kipande cha 100 hutoka sawa na cha kwanza.

Zamani mashine hizi zilikuwa za viwanda vikubwa. Mwaka 1996 Ted Hall wa Marekani alianzisha kampuni ya ShopBot, baada ya kutafuta mashine ya bei nafuu ya kukatia plaiwudi za boti yake. Siku hizi programu za kuiendesha, kama LinuxCNC na GRBL, hupatikana bila malipo. Fundi anayejua kuchomelea na kufunga nyaya anaweza kuiunda nyumbani.

Mahitaji yake
Kwa kazi ya mizinga, eneo la kukatia la sentimita 60 kwa 90 linatosha, kwani ubavu wa mzinga wa Langstroth una urefu wa takriban sentimita 51. Utahitaji mabomba ya mraba ya chuma kwa ajili ya umbo, reli na beringi, skrubu za kusogezea, mota za hatua na draiva zake, ubao wa kielektroniki wa kupokea amri, ruta na kompyuta ya kawaida.

Usianze na umeme, anza na umbo. Mashine iliyolegea haiponywi na programu yoyote. Shika mabomba kwa pointi chache za kuchomelea kwanza, kwa sababu moto hupinda chuma. Kisha pima pembe kwa kanuni ambayo mafundi ujenzi huitumia kila siku: milimita 600 upande mmoja, 800 upande wa pili, na mshazari uwe 1,000 kamili. Usipokuwa hivyo, rekebisha kabla ya kumalizia kuchomelea.

Kupima usahihi
Mota nyingi za aina hii hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva ikigawa kila hatua mara 8, zinakuwa 1,600. Skrubu ikisogeza daraja milimita 5 kwa mzunguko, basi kila milimita ina hatua 320, na namba hiyo ndiyo unayoiingiza katika programu.

Usiiamini mpaka uipime. Amuru mashine isogee milimita 500. Ikisogea 499, zidisha 320 kwa 500 kisha gawanya kwa 499, utapata 320.64, nayo ndiyo namba mpya. Halafu ipeleke mbele na kuirudisha mahali ilipoanzia. Isiporudi pale pale, nati ya skrubu inacheza au kuna kitu kimelegea.

Tahadhari
Vumbi la mbao ni hatari kwa mapafu na limo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, hivyo funga kifyonza vumbi na uvae barakoa na miwani. Weka swichi kubwa ya kuzimia karibu na mkono. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine hupoteza mahali ilipofikia. Kwa hiyo weka alama ya kudumu ya mahali pa kuanzia ili usitupe ubao.

Je, inalipa?
Mashine hii haifai kwa kila kazi. Kwa kupasua mbao ndefu zilizonyooka, msumeno wa meza una kasi zaidi. CNC hulipa kwenye viungo vya pembe, vishikio, milango ya nyuki na mapambo ya milango ya nyumba, yaani kazi zinazorudiwa mara nyingi kwa kipimo kile kile.

Tuseme vifaa vyote vimekugharimu Sh milioni 4, na kila mzinga unakuachia Sh 20,000 baada ya kutoa mbao, umeme, vikatio na ujira. Itabidi uuze mizinga 200 ndipo urudishe fedha yako. Kama sasa unapata oda ya mizinga miwili kwa mwezi, hiyo ni miaka zaidi ya minane. Bora utengeneze kiolezo cha plaiwudi, utumie ruta ya mkono na kwanza utafute wateja. Oda zikifika kumi kwa mwezi, fedha hiyo inarudi katika miezi 20, na hapo kuunda mashine kuna maana.

Ukishaiunda, jaribio la mwisho ni rahisi. Toa fremu kutoka mzinga wowote uliouchonga, uiingize katika mwingine wowote. Ikiingia bila kubana wala kucheza, mfugaji atarudi kununua tena, na atakuja na jirani yake.